Shubiri Uliyoificha Ndani ya Kiatu

Hawa, una akili wewe? Shubiri ya nini?

Nilikuwa napanga viatu vya mwanao Tatu kwenye begi, maana wewe umevirundika kama mtu anayekimbia moto, mkono wangu ukagusa kitu kigumu ndani ya kiatu cha kushoto. Nikakitoa. Kibonge cha shubiri, kimefungwa nailoni kwa mafundo mawili. Mimi shubiri siambiwi, naijua kwa harufu kabla sijaifungua. Na najua itapakwa wapi. Juzi ulikuwa barazani na shoga yako, ukadhani nimelala. Ukamwambia, "Tukishapanda boti tu, nyonyo naitupa baharini. Akihamia kwenye kidole, nampaka shubiri. Mpaka tufike Wete, mtoto kaacha." Naye akakujibu, "Hapo umemaliza, mwaya." Nyote wawili hamjamaliza kitu.

Ningekwambia kwa mdomo kabla hamjahamia Pemba kesho, lakini mmekwenda Pongwe kumuaga shangazi yako, na mkirudi nyumba itajaa watu, kila mmoja na kifurushi chake cha kupeleka Pemba. Nawe ukisemwa mbele za watu hununa. Basi naandika. Kisomo changu ni cha ngumbaru na mwandiko wangu unaujua, una kona kama njia ya kupanda Amani. Usome hivyo hivyo. Usimpe Khamis akusomee, haya ya mimi na wewe hayamhusu mumeo. Salamu utazikuta mwishoni, kama karatasi itabaki.

Sitakuandikia habari za kupika, wala za kukaa na mavyaa yako, mama wa Khamis, wala nani umpe shikamoo kabla ya nani. Hayo umefundwa, na kama hukuyashika ulipokuwa ndani, karatasi haitakusaidia. Nakuandikia habari ya nyonyo ya Tatu, huo mpira wake wa kunyonya, na ya kidole chako wewe, maana ni habari moja.

Kwanza nikupe la leo. Asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilikuwa nasuka ukili, ukanda wa kushonea ule mkeka wa bwana harusi. Tatu kaja kukaa mguuni kwangu, nyonyo mdomoni, kama kawaida yake. Unajua tunavyofanya sisi: chane ya ukindu, kale kaukanda ka jani, ikizidi urefu, huinui kisu, unaitia kwenye meno ya mbele, tk, unaendelea. Kila msuka ukili hapa Makorora anakata hivyo. Nikampa chane nyeupe, nikamwambia, "Mkatie Bibi Mkubwa." Akaitoa nyonyo ikabaki inaning'inia shingoni kwenye utepe wake, akaitia chane katikati ya meno, akauma kwa nguvu zote mpaka macho yakafumba. Nikaivuta ile chane polepole.

Ikatoka nzima. Meno ya nyuma yameumana, ya mbele yamebaki wazi, chane ikapita baina yake bila kuguswa.

"Nimekata, Bibi Mkubwa?"

"Bado."

Akaihamishia kwenye magego, akaikata kule, akacheka. Na alipocheka akaziba mdomo kwa mkono.

Mkono ule haukutoka kwake. Kauona kwako.

Sasa kaa kitako. Ulikuwa hujatimiza miaka miwili mama yako Rukia, mwanangu, alipopata kazi ya ndani huko Muscat. Wiki ile ile ya safari akakuachisha ziwa kwa shubiri, kama nilivyomwachisha yeye, na kama mama yangu alivyoniachisha mimi. Hatukuona ajabu. Ulinyonya mara moja, ukakunja uso, ukamtazama mama yako, ukanyonya tena kama mtu anayehakikisha, ukaacha. Hukulia. Siku chache baadaye mama yako akaondoka alfajiri wewe umelala, akaacha leso moja tu, ile ya zambarau, imekwisha pauka.

Kidole ulikuwa nacho tangu uchanga, kidogo kidogo, kama watoto wengi. Lakini baada ya safari ile kikawa hakitoki. Gumba la kulia mdomoni, mkono wa kushoto umeshika pindo la ile leso unalisugua puani. Ukilala hivyo, ukila unakitoa, ukimeza unakirudisha. Watu wakiniuliza, sikuwaambia mtoto anamtafuta mama yake. Niliwaambia mtoto ana tabia mbaya.

Nikakitafuta kile kibonge alichobakisha Rukia. Shubiri ile ile, Hawa. Nikaiyeyusha kwenye kifuu, nikakupaka gumba mpaka kwenye kiungo. Ukakitia mdomoni, ukakunja uso. Mimi nimesimama mlangoni nangoja ukitoe. Wewe ukakaa pale kizingitini, ukaanza kulamba na kutema, kulamba na kutema, polepole, kama mtu anayeosha chombo. Uchungu ulipokwisha, ukanyonya. Kesho yake nikapaka tena, ukaosha tena. Bi Mwantumu wa nyumba ya pili alikuwa anapita na ndoo, akasimama kutazama.

"Mwanamkasi," akaniambia, "huyo humkatazi. Huyo unampa kazi."

Nikamwambia aende na ndoo yake.

Nikahamia kwenye pilipili. Hiyo nilipaka mara moja, kwa sababu ulijisugua jicho. Lilivimba likafumba, na kelele ulizopiga zilitoa watu mpaka wa ng'ambo ya barabara. Nikakuosha, nikakubeba mpaka zahanati, na mganga wa pale akaniuliza kama nyumbani kwangu mtoto ni mtoto au ni samaki wa kukaanga. Ukiwa kwa mavyaa yako, atakuambia pilipili. Wote huanza na pilipili. Mwambie jicho la mtoto liko karibu na mdomo wake, basi, usiongeze neno.

Baada ya hapo nikaacha dawa nikashika maneno. Watoto wa mtaa walikuwa wakiimba, "Hawa kidole, kidole kina asali," nami nilikaa barazani nasuka ukili, siwakemei. Siku nyingine nilicheka nao. Nilidhani aibu itafanya kazi iliyoshindikana kwa shubiri. Aibu ilikufunza kitu kimoja tu: kujifunika leso gubigubi na kunyonya mle ndani. Nikiingia chumbani naona leso inapumua. Basi nikaificha leso. Ukanyonya bila leso, na usingizi ukaupoteza, wako na wangu.

Siandiki haya uje unisamehe. Umekula, umesoma, umeolewa kwa heshima, na mahari yako yamezungumzwa sebuleni kwangu. Naandika kwa sababu umenunua kibonge cha shubiri ukakitia kwenye kiatu cha mtoto, na wewe ndiye mtu wa mwisho katika mji huu aliyepaswa kufanya hivyo.

Meno yako ya utoto yalipoanza kung'oka, tulirusha juu ya paa kama ada, ukasema maneno yako, nikangoja meno mazuri. Yakaota ya juu mawili, makubwa, mazima, meupe kuliko ya mtoto yeyote wa baraza lile. Lakini yanatazama barabarani. Ya chini nayo yakaota yamerudi ndani. Nikasema ni ya ukoo wa baba yako. Chuoni maalim akaanza kukurudisha nyuma kila siku, maana sini yako ilikuwa inatoka na kithembe, ulimi unachungulia kwenye ule uwazi. Wenzako wamevuka juzuu, wewe uko kwenye herufi. Hapo pia nikasema ni uzembe wako.

Nilijua siku ya chane. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na mkeka wa watu, harusi imekaribia, mikono hainitoshi. Nikakwambia, "Hebu kata hiyo." Ukauma, ukavuta, ikatoka nzima. Nikadhani unanichezea, nikakupiga kofi la mgongo. Ukarudia. Ikatoka nzima. Nikakufungua mdomo, nikakwambia uma, nikaona. Ungeweza kutoa ncha ya ulimi nje hali meno yameumana. Nikakaa na chane mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nagombana na kidole, na sikutazama hata siku moja kinachotendeka ndani ya kinywa.

Nikakupeleka kwa daktari wa meno mjini. Utamkumbuka, mwanamke, mdogo kuliko mama yako, miwani, mtandio wa kijani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Huyu mjukuu ananyonya kidole?"

"Alikuwa," nikasema. "Ameacha."

Akakushika mikono yote miwili, akaiweka juu ya meza, magumba juu. La kushoto lina vumbi la Makorora. La kulia jeupe, limenywea, na juu yake kuna sugu ndogo meno yanapolikalia. Akanitazama juu ya miwani.

"Bibi, gumba hili limeoga, hili halijaoga."

Wewe ukacheka, ukaziba mdomo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kukuona ukiziba, au labda sikuwa nimetazama.

Nikamuuliza swali ambalo bado naona lilikuwa la haki. Kidole ni nyama, jino ni mfupa. Nyama itausukumaje mfupa? Akaniambia taya la mtoto bado laini, linakua, na kitu kisichochoka hata kikiwa laini hukishinda kigumu. Kidole kinasukuma meno ya juu yaje mbele na kuyakandamiza ya chini, kinakaa katikati kama mguu mlangoni ili yasikutane, na mashavu yanaponyonya yanabana taya la juu linakuwa jembamba. Usiku kucha, kila usiku. Hapo nilielewa, maana nguzo yetu ya uani imepindishwa na kamba ya kuanikia nguo. Hakuna aliyeivuta siku moja. Nguo tu.

Akasema jambo jingine ambalo halikunifurahisha. Mtoto mdogo kunyonya si kosa lake. Anazaliwa anajua kunyonya, ndivyo anavyojituliza, na wengi huacha wenyewe wakiwa kati ya miaka miwili na minne. Wakiacha mapema hivyo, meno yakiwa yamefunguka kidogo, mara nyingi hurudi yenyewe bila mganga. Taabu ni anayeendelea, tena anayenyonya kwa nguvu na kwa saa nyingi, mpaka meno ya ukubwa yanaanza kuota, kwenye miaka sita hivi. Hapo hayarudi kirahisi. Nikamwambia, "Basi mtie waya." Akasema waya zipo, lakini kutia waya kidole kikiwa bado mdomoni ni kazi bure, kinachovutwa mchana kitasukumwa usiku. Kwanza kidole kitoke.

"Nimempaka kila kitu," nikamwambia.

"Ndiyo maana," akasema.

Kisha akaniuliza kama unashika kitu unaponyonya. Nikamwambia leso ya mama yake, nimeificha. "Leso haina kosa, bibi. Leso haigusi jino. Mrudishie."

Nikakurudishia. Sikusema pole, nilikutupia tu kitandani. Ulilala nayo usoni mpaka magharibi.

Sasa usije ukadhani bibi yako alipata hekima baada ya pale. Nilikuwa na mkeka wa watu na nilikuwa na haraka. Nikakuketisha nikakufundisha kusuka, kwa sababu nilihitaji mikono. Nikakupa chane nyeupe tu, maana zenye rangi si za mtoto anayetia vidole mdomoni. Ukazililia zile nyekundu. Nikakwambia, "Gumba lako likishinda kavu, utapata nyekundu." Nilisema ili uninyamazie. Lakini ukili unataka magumba mawili, moja linakandamiza, moja linapitisha, na ukiliondoa moja tu ukili unafumuka. Mchana wa kwanza ulilipeleka mdomoni ukili ukafumuka, ukasonya, ukaanza upya. Tena. Tena. Baadaye nikaona unalipeleka, linafika kidevuni, linarudi. Mimi kimya. Hilo ndilo jambo pekee nililofanya vizuri, na nililifanya kwa kuwa nilikuwa nahesabu mishono.

Mchana kikaondoka kwanza. Usiku kilichelewa, kikawa kinakuja na kwenda. Ukiumwa kinarudi, mama yako akipiga simu kinarudi. Sikukisema tena. Kukicha nalitazama gumba lako bila wewe kujua, na lile jeupe lilikuwa linaanza kufanana na mwenzake. Siku nilipokupa chane nyekundu ulikuwa unakaribia miaka kumi na moja. Ulisuka ukanda mfupi, mbaya, umelegea upande mmoja. Ninao. Usiutafute kwenye sanduku langu, hutauona.

Meno yakarudi kidogo. Kithembe kikapungua, maalim akaridhika. Lakini uwazi haukufunga. Waya zilikuwa mbali na uwezo wetu, na ulipokuwa mkubwa wa kujiamulia ulisema umekwisha zoea. Hujazoea. Siku ya harusi yako, mpiga picha alisema cheka, ukavuta mtandio. Katika picha zote una mtandio mdomoni, na mume wako amesimama pembeni anachekelea peke yake kama mjinga.

Haya, mke mwenzangu, tuje kwenye nyonyo.

Tatu alipozaliwa uliniambia, umekaa pale kitandani na arobaini yako haijafika nusu, "Bibi, mwanangu mimi hatanyonya kidole." Khamis kaleta nyonyo mbili za mpira kutoka dukani, moja ya waridi, moja ina sungura. Mimi nilikuwa nakumbuka alichosema yule daktari, kwa sababu nilimuuliza habari za nyonyo siku ile ile. Alisema, "Jino halina macho, bibi. Halijui kinacholisukuma ni kidole au ni mpira." Nilikumbuka neno kwa neno, na sikukwambia. Mtoto alikuwa analia usiku, nyonyo inamnyamazisha, nami nilikuwa na usingizi. Kisha ulikuwa umefurahi. Ulijiona umeruka shimo ambalo mimi nilikutumbukiza, nikakuacha ufurahi. Ulikuwa umelizunguka tu ukaingia kwa upande wa pili.

Uchanga si neno. Nyonyo ya mtoto wa miezi michache haikuharibu kitu. Lakini Tatu yuko mwaka wa nne, anakula ubwabwa, anatukana kuku, anajua kuwasha simu ya baba yake, na bado anatembea na mpira mdomoni kutwa nzima. Akisema maneno yanatokea pembeni mwa nyonyo. Na hapo ndipo nawe ulipoongeza lako: akigoma, unaichovya kwenye sukari. Au asali. Au juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari. Nilikuona, nami pia niliichovya ulipokwenda sokoni, kwa hiyo usinijibu. Mtazame meno ya juu, karibu na ufizi. Kuna mstari mweupe kama chaki, na jino moja limeanza kuwa la kahawia. Hapo nyonyo haisukumi tu, inalitia jino ndani ya sukari na kulishikilia humo. Watu watakuambia ni meno ya utoto, yatang'oka. Mimi nimekesha na mtoto mwenye jino bovu la utoto. Linauma kama la mtu mzima.

Lakini sikiliza, na hili ndilo lililonitoa kwenye mkeka wa watu nikashika kalamu. Kinywa cha Tatu bado kinarudi. Hajafika miaka minne. Meno ya ukubwa bado yamelala. Akiiacha nyonyo sasa, uwazi ule unaweza kufunga wenyewe, usionekane tena. Wewe hukuipata nafasi hiyo, kwa sababu mimi niliipoteza kwa kupaka. Ukianza na shubiri nawe utaipoteza, na nitakwambia kwa nini, maana nimeona mwisho wake.

Fikiri kesho ina nini ndani yake. Mtoto anaamshwa. Anaondoka nyumba aliyozaliwa. Anamwacha Bibi Mkubwa, ambaye ndiye anayemkatia chane na kumfuta makamasi. Anapandishwa kwenye boti inayotapisha watu wazima. Anafika kwa bibi mwingine asiyemjua, lugha ni hii hii lakini matamshi mengine. Na katikati ya hayo wewe umtoe nyonyo mdomoni uitupe majini mbele ya macho yake. Halafu akitafuta kidole, akikute kichungu, na aliyekitia uchungu ni mama yake.

Ziwa na mama wiki moja, kidole kikafuata. Huyo ulikuwa wewe. Nawe unataka kumfanyia kwa siku moja.

Tena nyonyo ina nafuu moja ambayo kidole hakina: haikuota mwilini. Unaweza kuiweka kabatini. Ukimpokonya kwa ghafla akahamia kwenye gumba, gumba hutaliweka kabatini. Utakuwa umebadilisha mwizi unayemjua kwa mwizi mwenye ufunguo wa nyumba.

Basi safari hii aende nayo. Watu wa botini wakikutazama wakasema, "Jitu zima lina nyonyo," waache waseme, hawalali nawe. Sukari ikome kesho hiyo hiyo, hiyo haina kungoja, nyonyo iwe kavu au ya maji tu, na meno asugue asubuhi na kabla ya kulala. Mkishatulia Wete, akishajua choo kiko wapi na jogoo wa mavyaa anawika saa ngapi, anza na mchana. Nyonyo ilale kitandani, isitoke chumbani. Mwambie nyonyo ni ya kulalia tu. Mpe kitu cha mikono. Nimekufungia mzigo wa chane nyeupe, umefungwa kwa kamba ya kijani, uko juu ya begi. Akikaa bila nyonyo, msifu kidogo, usipige vigelegele, atashtuka. Akirudia, nyamaza. Usiku uwe wa mwisho, na uutoe ukiwa umelala naye, si ukiwa umemwacha kwa mtu. Mpe leso yako ashike. Leso haina kosa.

Na Khamis amtafute daktari wa meno huko huko Pemba, aonwe hilo jino la kahawia, na aulizwe kuhusu uwazi. Usiende na majibu yako mkononi kama nilivyokwenda mimi. Ukiulizwa kama anachovya sukari, sema ndiyo.

Chane nyekundu nimeweka moja tu, ndani kabisa ya mzigo. Usimpe kabla hajaiacha nyonyo.

Karatasi imekwisha, salamu zimekosa nafasi. Mavyaa yako msalimie. Mama yako nitampigia mwenyewe.

Ukishasoma usije chumbani kwangu na machozi, nina mkeka wa watu. Sitaki kusikia habari hii kesho bandarini. Nitakachotaka kusikia kitakuja baadaye: kila mwezi ukiandama, mpe Tatu chane nyeupe aitie kwenye meno ya mbele, uivute polepole. Ikitoka nzima, usimkemee, ngoja mwezi mwingine. Siku itakapokatika, vipande vyote viwili vifunge kwenye karatasi, mpe mtu wa boti aniletee Makorora. Visipokuja, nitakuja mimi.

Shubiri nimeirudisha pale pale ulipoiweka, kiatu cha kushoto, kwa sababu aliyeinunua si mimi. Inuka sasa hivi ukaitupe. Chooni, si uani, uani kuna kuku wangu.